Kwenye Mto Ule Sikukuita

Mdogo wangu Yesaya,

Mama amekataa kula. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya nikuandikie, mimi niliyewakanya watu miaka yote wasizungumze na wafu. Tangu tukuzike hajafika kaburini kwako. Anakaa barazani, ameelekeza uso kwenye barabara ya Tunduma, na akipelekewa sahani husema, "Tumsubiri mwenzenu."

Habari ilipofika kutoka Zambia kwamba moyo wako ulisimama ukiwa umeegesha lori, Mama hakulia. Alinishika mkono akasema, "Kila mto mtakaouvuka naye, umwite. Mwambie tunavuka. Usimwache majini." Unaijua desturi hii ya ukoo wetu: marehemu asiyeitwa na ndugu yake mtoni, roho yake hubaki ng'ambo. Ndivyo baba alivyomwita babu tulipoileta maiti yake kutoka Kamsamba. Mimi ni mzee wa kanisa. Niliinamisha kichwa tu, nikaondoka.

Nilimkodi Salumu, yule msafirishaji wa Tunduma aliyetoka Tanga, uliyekuwa ukifuatana naye safarini. Tulikuchukua, tukageuza jioni ileile. Yesaya, sikujua kwamba nchi ile ni ndefu hivyo. Ulikuwa ukinisimulia, nami nikikukatiza ili nisahihishe maneno yako, nawe ukicheka: "Kaka, wewe hata ndoto zako unazipa alama." Usiku ule ningetoa chochote unikatize wewe. Miti, giza, miti tena. Hapakuwa na kijiji hata kimoja nilichokijua jina. Malori yalitumulika usoni, yakapita, na giza likarudi zito zaidi.

Na mito! Mchana mtu huuona mto kabla hajaufikia. Mimi niliujua kwa mlio wa matairi tu, tukiwa tayari juu yake. Ikabidi nimwombe Salumu anijulishe. "Daraja, mzee," alisema, akapunguza mwendo, nami nikageukia jeneza: "Yesaya, tunavuka. Twende nyumbani." Mara ya kwanza niliona haya. Baadaye nililia.

Kisha nikalala. Sikuwa nimefumba macho tangu habari ilipofika, lakini sikuambii hivyo ili unionee huruma. Nilipoamka, Salumu alisema, "Mzee, tumeshavuka mto mkubwa. Nimekugusa bega, ukakoroma tu. Nikamwita mwenyewe: Kamanda, amka, tunavuka! Usihofu, amesikia. Sauti yangu ameizoea kuliko yako."

Nilimkaripia. Nilimwamuru ageuze gari.

"Nikigeuza, mafuta hayatufikishi mpakani Nakonde," alisema taratibu. "Na marehemu hangoji jua, mzee wangu."

Alisema kweli. Tukaendelea.

Tulipofika nyumbani, ua ulikuwa umejaa waombolezaji. Mama alinyoosha mkono aliguse jeneza, akasita, akaniuliza, "Ulimwita wewe, kila mto?" Ningeweza kusema ndiyo. Nilijibu, "Isipokuwa mmoja, Mama. Pale alimwita dereva." Akaurudisha mkono wake.

"Basi mmeniletea sanduku."

Mchungaji alikuja, akasoma Neno, akaomba. Mama aliitikia amina vizuri sana, kisha akamuuliza, "Na wewe, mchungaji, gari la kumrudia mwanangu unalo?" Watu walificha vicheko kwenye khanga. Mimi sikuweza kucheka. Mkono wa Mama sasa nauzungushia vidole viwili vikakutana. Zahanati wamempima, hawakuona ugonjwa.

Kahawa yako shambani imeiva, inadondoka bila kuchumwa, maana siku nzima nashinda barazani nikimsihi anywe uji. Nimemweleza kwa Maandiko. Nimemweleza kwa ukali. Nimempigia magoti. Nimeshindwa, mdogo wangu. Tena si Mama peke yake. Usiku malori yakishuka mlimani, nami huketi kitandani nikasikiliza kama kuna litakalopunguza mwendo mbele ya nyumba. Mimi!

Kesho Salumu anapakia mzigo wa kwenda Zambia. Ninakwenda naye. Mzee mwenzangu wa kanisa amenionya kwamba nitavuliwa uzee. Nimemwambia wavue.

Asubuhi hii nilimwarifu Mama. Hakusifu, hakushukuru. Aliomba uji, akanywa vijiko viwili, akauliza koti lako liko wapi, maana kando ya maji kuna baridi. Nimelikunja, nimelitia kwenye mkoba wangu.

Sijui ni mto upi. Salumu anadai ataukumbuka. Asipoukumbuka, nitashuka kwenye kila daraja. Nakuahidi, nitakuita kwa sauti yangu yote, mchana kweupe, hata wapita njia wakisimama kunicheka.

Kwaheri, Yesaya. Kama umelala, lala salama. Kama hujalala, nisubiri papo hapo ulipo. Usianze kutembea peke yako. Njia ile uliizoea kwa gari, kwa miguu huijui.

Kaka yako