Kioo cha Taa Kilichobaki Kwako

Mtaa wa Nyuma ya Msikiti,
Bahari, Aleksandria.
20 Novemba 2018

Mpendwa Ami Galal,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ya Ramadhani ilinifikia, nikaiweka nyuma ya redio nikisema nitajibu kesho, na hiyo kesho ikawa miezi. Meno ya Yasini, shule ya Farida, halafu Baba. Najua tangu mitambo ya dizeli ilipokuharibia masikio, simu kwako ni mlio wa nyuki tu, kwa hiyo nisipoandika ni kama nimekufa. Usiniwekee kinyongo moyoni.

U hali gani huko Piraeus? Goti linasemaje na baridi hii? Na mkeo Mama Samiha, kifua kimetulia? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Dhoruba ya Ufagio, ile ya kila Novemba, imepita juzi na kweli imefagia, banda la njiwa juu ya paa halipo tena. Njiwa wamehamia jikoni kwangu. Mume wangu bado yuko Suez kikazi, akirudi Alhamisi huleta nguo chafu na usingizi.

Sasa habari yenyewe. Hatem, mdogo wangu, yule uliyemwacha akinyonya kidole, amechukuliwa kazi ya nyambizini. Zile mpya zilizotoka kwa Wajerumani. Kabla Desemba haijaisha atazama kwa mara ya kwanza.

Nilipoisikia habari hiyo, pua yangu ndiyo iliyokumbuka kwanza. Nyambizi yenu ile ya Warusi ilikuwa inakuja mpaka nyumbani, Ami. Mlikuwa hamjafika hata ngazi ya kwanza, majirani wanamwambia Mama, "Wamerudi wako," kwa harufu ya dizeli tu. Mama alianika nguo zenu kamba ya mbali, peke yake, kama nguo za mgonjwa. Mezani Baba hakuvumilia kijiko kugonga glasi, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza bahari, na wewe uliomba chumvi kwa sauti ya kuita meli.

"Galal, tuko juu ya maji sasa. Punguza."

"Wewe na masikio yako! Bila mitambo yangu ungekaa huko chini unasikiliza samaki wakikucheka."

Mama alikuwa anacheka mpaka anaegemea mlango. Nyumba hii haijawahi kuwa na kelele nzuri kama zile.

Nyambizi ile ilishakatwa vipande zamani, wewe unajua. Baba hajui tena. Kila asubuhi anavaa kofia yake ya kazi, anashuka mpaka lango la wanamaji kuuliza kama imerudi. Mlinzi ni kijana mwenye adabu, humjibu, "Bado, Haji. Labda kesho." Mimi namfuata na Yasini kiunoni, namrudisha taratibu.

Hatem alipokuja kumbusu mkono na kuomba radhi yake ya kwenda, Baba aliuvuta mkono.

"Amekunywa?" akaniuliza mimi, si yeye.

Unaelewa alichouliza. Mtu hazami mara ya kwanza bila kunywa maji ya bahari kwenye kile kioo cha taa cha nyambizi yenu, kilicho kama bakuli, kama walimu wenu Warusi walivyowanywesha ninyi. Hatem akacheka. Akasema, "Baba, zetu ni vioo vya kompyuta kila upande, vitanda safi, na taa zenyewe ni za plastiki."

"Basi nenda na plastiki yako," Baba akasema. "Bahari haikujui, na mimi radhi yangu sitoi kwa mtu asiyejulikana na bahari." Akageukia ukuta.

Hatem ataondoka vyovyote, ni amri. Lakini jioni ile nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mwanamume mzima, anafuta pua kwa mkono wa shati. Mama hayupo tena duniani. Radhi iliyobaki ni hiyo moja, na sitaki ashuke chini ya maji bila hiyo.

Nikajaribu ujanja. Nilichukua bakuli langu nene la kioo, Hatem akalijaza maji ya bahari, tukamletea Baba tukisema kioo kimepatikana. Hata hakutazama. Aliligonga kwa ukucha, akainamisha sikio.

"Hili ni la wali wa maziwa," akasema. "Na lina ufa chini."

Nikaligeuza. Ufa upo. Nani mwingine angejaribu kumdanganya msikilizaji wa nyambizi kwa bakuli? Farida alicheka mpaka akapata kwikwi. Halafu Baba akasema, wazi kabisa, "Kioo kiko kwa Galal. Alisema atakitunza mpaka nyumba yetu itoe wa kunywa." Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniita kwa jina la Mama, lakini hilo halijapotea.

Wazee wa mkahawani wanasema ipo siku nyambizi zitaundwa hapahapa, na mabaharia wa siku hizo ndio hawa wanaonyonyeshwa sasa. Farida akatangaza ataiendesha yeye. Baba akamwambia wanawake hawazami na nyambizi. "Sasa nani atakuja kukutafuta huko chini, Babu?" Baba akavua kofia yake, akamvika. Tangu siku hiyo Farida hulala nayo, asubuhi humrudishia.

Ami, nakupenda kama baba, lakini usiniambie kioo kimepotea kabatini. Kitafute.

Nisalimie Mama Samiha na binamu zangu, Nevin na Ashraf. Hatem anakubusu mkono, na Baba nikimtajia jina lako hutabasamu. Mungu akupe afya, akulinde ugenini, na asikunyime kuiona tena bahari ya kwenu.

Ninavyohitaji bado ni hivi: soksi za sufu za Yasini, za mtoto wa mwaka mmoja. Dawa ya fizi ile ya waridi, chupa mbili. Miwani ya Baba ya kusomea, kama ile ya mwanzo. Na kioo cha taa, kimezungushiwa fulana nene, kifike kabla ya tarehe ishirini Desemba. Ukija nacho mkononi mwako mwenyewe, hivyo vingine viache.

Binti wa ndugu yako, akupendaye na kukungoja,
Inas