Mvua Iliyonizuia Kumzika Baba

Karibu na Igalula, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za nyumbani ninazijua, na kwa habari hizo sijui nianzie wapi kukusalimu. Hata hivyo nauliza: unalala? Unakula? Mguu umepoa? Mimi mwili hauniumi popote, namshukuru Mungu.

Kwenye simu mtandao ulikatika kila nilipotaka kueleza, na kaka mwishowe akasema, "Umechagua kazi, basi kaa na kazi yako." Ndiyo maana naandika. Nakuomba umsomee.

Siku kaka aliponipigia kwamba baba ametutoka, nilifunga begi palepale. Treni ilikuwa ipite hapa kesho yake asubuhi. Ningeshuka Dodoma, nipande basi la Iringa, kisha la Njombe, niwahi mazishi. Lakini mvua ilinyesha usiku kucha, na kabla ya kuondoka ilinibidi niipime. Mvua hupimwa kila siku saa tatu asubuhi, hata ukiwa na msiba.

Hujawahi kuniona kazini, mama. Nyuma ya stesheni kuna kopo refu la bati, limewekwa mbali na miti na paa ili lisikingwe na kitu. Juu lina faneli, ndani mna chupa ya kupokea maji. Nayamimina kwenye bilauri nyembamba yenye mistari ya milimita, nainama mpaka jicho lilingane na maji, ndipo nasoma. Baba alicheka sana niliposomea kazi hii. Yeye alikuwa akizamisha jembe tu shambani, akitazama unyevu umefika wapi.

Asubuhi ile chupa ilikuwa imefurika, maji yamemwagikia kwenye kopo la nje. Hayo nayo hupimwa. Nikajaza bilauri, nikasoma, nikamwaga, nikajaza tena. Mvua ikizidi kiasi, treni husimamishwa mpaka njia ikaguliwe, kwa sababu mbele yetu kuna daraja. Na namba yenyewe ni mimi ninayeipeleka stesheni.

Abiria walikuwa wamejaa wakisubiri. Mama mmoja mwenye ndoo za asali, aliyesikia nina msiba, akanifuata nyuma.

"Dada, andika ndogo. Maji si umeshayamwaga? Nani atakuja kuyapima tena?"

Sitakuficha, mama. Nilisimama na kalamu mkononi, na ningeweza. Kisha nikawaona wale waliokaa kwenye benchi na watoto mgongoni. Nikaandika nilichokiona.

Mzee Kulwa, mkuu wa stesheni, aliisoma akanitazama.

"Unajua maana yake, mwanangu?"

"Najua, baba."

Akainua simu. Treni ikazuiwa Tabora. Barabara nayo ilikuwa imekatwa na maji, hata pikipiki haikupita.

Mafundi walikwenda na kiberenge, kile kigari cha reli, kukagua, wakarudi siku ya pili jioni. Daraja lilikuwa zima, halina hata ufa. Wakati huo ninyi mlikuwa mmeshatoka makaburini. Yule mama wa asali alipanda treni bila kuniaga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani wangelikuta limevunjika.

Tangu hapo sijatoka. Mwenzangu aliyekuwa anishikie nafasi amepelekwa kituo kingine, na ruhusa hakuna mpaka mvua ziishe. Hazina dalili ya kuisha. Nazunguka chumbani kama mbuzi kwenye kamba, ikifika saa tatu natoka kupima kile kile kinachonifunga. Jioni Mama Shija, mwenye nyumba wangu, huniletea ugali. "Lia," huniambia, "lakini ule."

Nisalimie shangazi aliyemuuguza baba mpaka mwisho, na mdogo wangu Neema aliyesoma wasifu wake kanisani. Msalimie na kaka, hata asipoitikia.

Nina ombi moja. Nasikia baba mdogo ameshaleta saruji ya kujengea kaburi. Mwambie asubiri. Uacheni udongo wazi mpaka nije, nami nitupie wangu.

Ni mimi mwanao,
Tumaini