Alama Nyekundu kwenye Delko

Donasiani, mdogo wangu,

Jumamosi tumekuondolea kilio, nami nimechoka. Nimekaa katika gereji yetu ya Cibitoke, mlango nusu wazi, kazi hakuna. Tangu ututoke, vituo vya mafuta vimekauka. Magari yanapanga mstari tangu alfajiri, na madereva wanalala ndani yake. Anayepata petroli huipata kwa bidoni, dumu la plastiki, imevushwa kutoka Kongo kupitia Gatumba, wala hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Ungeinusa, ungekunja uso, ungesema kama ulivyozoea, "Muzee, hii si esansi, ni supu."

Pistoni yako ya Kanada bado ipo dirishani, na tundu lake katikati, mimi huchomekea bisibisi. Wateja huniuliza ni ya gari gani. Nawajibu kwamba si ya gari, ni ya pikipiki ya theluji, isiyo na magurudumu, yenye skii mbele na mkanda nyuma. Wanacheka. Huwaeleza ulivyonieleza mimi: vijana wa huko huzifunga turbo ili zipande milima, kisha hujaza petroli dhaifu ya kijijini, na kabla ya adhuhuri pistoni imetoboka. Wewe ndiye uliyekuwa ukizifungua. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila tulikulia pamoja katika kambi ya wakimbizi Kigoma, tukachapwa na mwalimu yule yule kwa kukosea ngeli, lakini baridi ile uliipata peke yako.

Uliporudi ulinifundisha jambo moja, ukilirudia mpaka likanichosha: "Okteni ni subira ya petroli, Muzee." Yenye okteni ya juu hungoja cheche. Yenye okteni ya chini, ikibanwa na kupata joto, hulipuka yenyewe kabla ya wakati wake, nayo turbo kazi yake ni kubana. Kwa hiyo ulisema, "Uliza kwanza esansi. Kisha alimaji. Pumzi ya turbo, ya mwisho." Mimi nilikusahihisha: alimaji ni muda wa cheche. Ukacheka. "We Muzee, hata injini utaisahihisha."

Sasa nikueleze habari ya gari lako.

Unajua desturi ya kwenu mlimani: vitu vya marehemu havibadilishwi mpaka siku ya kuganduka, yaani ya kuondoa kilio. Jembe lake halitiwi mpini mpya, kitanda chake hakihamishwi. Mkeo Esperansi aliishika desturi hiyo mpaka ndani ya boneti. Unakumbuka ulivyoipanga delko, ile inayogawa cheche, mara ya mwisho, ukaweka alama kwa rangi yake ya kucha, ile nyekundu? Siku hiyo ulikuwa umepata petroli safi. Uliipa cheche nafasi ya kuwahi na turbo pumzi nyingi, gari likapanda mlima wa Bugarama likiyapita malori. Baada ya mazishi nilimwambia mkeo kwamba petroli imebadilika, kwa hiyo delko nayo ibadilishwe. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Apana, Muzee. Ile alama aliweka mwenyewe, na verni yangu. Usiguse mbaka tuganduke."

Mimi ni mtu wa kanuni, nawe ulinitania kwa hilo miaka mingi. Sikuigusa. Alilitumia gari polepole, mjini tu. Lakini ni gari la kuleta viazi kutoka Bugarama, Donasiani, na bila viazi wanao hawali. Likiharibika, hapa hakuna wa kumpa injini nyingine.

Jumamosi tukapanda kwenda kwenu kukuondolea kilio. Esperansi alishika usukani, mama yako alikaa mbele na rozari yake, mimi nilikaa nyuma na bidoni la supu ile. Mjini gari lilikwenda vizuri. Barabara ilipoanza kuinuka, turbo ikaanza kusukuma, nikausikia mlio: changarawe inayotikiswa ndani ya kopo. Nikamwambia apunguze mguu. Akapunguza, mlio ukapungua. Kona iliyofuata ilikuwa kali, ikabidi aongeze. Changarawe zikarudi. Nikaiona pistoni ya dirishani mbele ya macho yangu, na tundu lake.

"Simamisha," nikasema.

Akasimama kando, akashuka, akaweka tena mkono juu ya boneti. "Tunafika leo, Muzee. Ni saa chache tu. Ngoja."

Lori likatupita likikoroma, na vijana wa baiskeli wameng'ang'ania nyuma yake. Mmoja akapiga kelele, "Muzee, turbo imechoka? Kuja mushikilie na sisi!" Wenzake wakacheka.

Mama yako ndiye aliyesema. Hakushuka. Alifungua dirisha akazungumza Kirundi, taratibu, kama anayemwita mtoto aje kula: "Esperansi, mwanangu angesikia injini inalia hivi, angengoja kilio kiondolewe?"

Mkeo alitazama chini bondeni, ziwa lilikofunikwa na ukungu, akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akafungua boneti mwenyewe, akanipa spana yako. Ile uliyoifunga kitambaa mpinini kwa sababu ya baridi ya Kanada.

Delko ilikuwa ya moto. Niliilegeza, nikaizungusha kidogo ili cheche ichelewe. Alama yako ikasogea mbali na mstari wake. Nilitaka kufunga hapo. Nikakusikia ukinigombeza: "Ukichelewesha alimaji peke yake, unapika turbo." Moto unaochelewa humalizia kuwaka katika bomba la moshi, turbo ikaiva. Basi nikaurefusha na ule ufito wa vali ya turbo, hewa ipungue. Petroli, cheche, pumzi. Kwa mpangilio wako.

Tulipanda kama kobe. Kila lori lilitupita. Changarawe hazikurudi.

Kuondoa kilio kulikwenda inavyopasa. Mjomba wako alihutubu kupita kiasi, pombe ya ndizi ikapita, wakakutaja wote, hata wale mliogombania nao mpaka wa shamba. Tukaruhusiwa kunyoa, kulima, kucheka. Nilitamani kulala tu.

Wakati wa kuondoka nilimkuta Esperansi ameinama chini ya boneti. Nilidhani anarudisha delko pale ulipoiacha, nikajiandaa kumkatalia. Alikuwa ameshika kichupa cha rangi ya kucha. Tangu ufe hakuwa amekifungua. Aliweka alama ya pili kando ya yako, akaipuliza ikauke. Ndipo akakaa juu ya jiwe, akaanza kupaka kucha zake.

Alama yako haikufutwa. Petroli nzuri ikirudi mjini, nitarudisha cheche hapo mwenyewe, na turbo nitaipa pumzi yake. Mpaka siku hiyo, kila bidoni nitalinusa kwanza. Hilo nakuahidi, na gari la viazi halitakufa mikononi mwangu.

Lala, mdogo wangu. Huko hakuna mlima.

Kaka yako,
Lazaro