Hatua Hamsini na Mbili

Brampton, Ontario
Jumapili, 24 Julai 2011

Mpendwa Dada Mumtaz,

Ya Ali Madad. Barua yako ilinifikia Jumatano, nikafurahi kuona mwandiko wako bado umenyooka. Magoti yanaendeleaje? Daktari amekubadilishia dawa, au bado unameza zile zinazokuchoma tumbo? Sisi hapa tu wazima. Wifi yako Arzina amepanda mchicha nyuma ya nyumba, na mwaka huu umestawi hata majirani wanabisha hodi kuuomba.

Umeniuliza kuhusu arusi ya mwanao Shamez mwezi wa Septemba: kama zawadi za mjomba ziko tayari, na kama nitasimama mahali pako, maana safari huiwezi. Zawadi ziko tayari. La pili siwezi kulijibu kabla hujasikia jambo kutoka kwangu. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza. Nina daftari langu mbele yangu, nanakili tarehe kama zilivyo.

Kazi yangu unaijua. Kaskazini ya hapa kuna machimbo ya mawe, na wanapolipua mwamba kwa baruti, nyumba za jirani hutetemeka. Kampuni yetu hupima mtetemo wa ardhi, na ule mgandamizo wa hewa unaogonga madirisha. Kifaa chenyewe hakizidi sanduku la cherehani. Kipande kimoja unakizika kwenye udongo chini ya mfuko wa mchanga, kingine unakisimamisha juu ya kijiti kielekee machimboni. Sharti ni kikae ukutani mwa nyumba iliyo karibu zaidi. Nyumba hiyo ni ya Dolat, mjane aliyetoka Bukoba, tunayesali naye jamatkhana moja. Kila nikifika hunitolea chai na ganthia.

Jumanne 14 Juni nilikiweka ukutani. Baruti ilipolia, vikombe vya Dolat viligongana kabatini, na kifaa kikaandika milimita kumi na saba kwa sekunde. Mwisho unaoruhusiwa ni kumi na mbili na nusu. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwapo. Niliingiza sarafu, ikazama. Nikaandika yote.

Alhamisi 23 Juni nilimkuta Shamez amefika kwa Dolat kabla yangu. Mwanao ndiye mhandisi wetu, ndiye anayetia sahihi ripoti. Kifaa kilikuwa nyuma ya miti, kwenye uzio wa upande wa pili, mbali na machimbo. Nikamwambia mahali pake si pale. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nisijisumbue, udongo wa pale ni mzuri. Nikahesabu hatua kutoka ukutani: hamsini na mbili. Siku hiyo kifaa kiliandika tisa, na ripoti ikasema kilikuwa ukutani.

Nikanyamaza. Nilijiambia huyu amesoma, labda anajua nisichokijua. Hilo ni kosa langu, nalo limo daftarini.

Dolat hakunyamaza. Alikipiga picha kifaa pale uzioni, akalalamika. Jumanne 12 Julai, siku moja tu baada ya sikukuu yetu ya Khushali, tukaitwa ofisini. Mkurugenzi akauliza nani alikiweka kule. Shamez akasema ni mimi. Akasema mjomba wake amezeeka, anasahau, na huenda hata siku ile kifaa kilipoandika kumi na saba alikizika vibaya.

Nilipomgeukia, akaniambia kwa Kiswahili, wenzetu wasielewe: "Mjomba, kubali tu. Wewe unakaribia kustaafu, mimi ndiyo kwanza naanza."

Dada, ulinikabidhi mtoto huyu akiwa na miaka kumi na moja. Miaka kumi na tano nimemsemesha Kiswahili mezani, naye ananijibu Kiingereza. Wewe mwenyewe hulalamika kwamba kwenye simu hamalizi sentensi. Siku ile aliimaliza, wala hakukosea hata neno. Nami, sijui ni kwa mshangao, au kwa kuwa sauti ile nilikuwa nimeisubiri mno, nikasema ndiyo, ni mimi.

Kwa ndiyo ile, vipimo vyote viwili vikafutwa. Dolat akaandikiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa nyumba yake ilitikiswa kupita kiasi. Ijumaa alinisubiri penye viatu, jamatkhana. "Kwa hiyo ukuta wangu umejipasua wenyewe, Anver bhai?" akaniuliza. "Au ni ile chai yangu ilikulewesha?" Watu wakacheka wakidhani ni utani. Mimi sikuwa na pa kutazama.

Jana asubuhi nilimpigia Shamez kumweleza ninakokwenda, asije akasikia kwa watu. Alinijibu kwamba hana mjomba. Hilo alilisema kwa Kiingereza. Kisha nikaenda kwa Dolat na daftari, nikampa nakala za kurasa zile mbili, na karatasi yenye sahihi yangu inayosema nililolikubali ofisini halikuwa kweli. Kesho atazipeleka kwa wakaguzi wa serikali. Kazi yangu nimeshaiaga. Ya mwanao nayo huenda ikaondoka, tena kabla ya arusi. Ndiyo maana nimetaka ulisikie kwangu kwanza, hata kama utanichukia.

Shali na bangili Arzina atazipeleka siku yenyewe. Mimi kusimama mahali pako siwezi, mpaka Shamez aende kwa Dolat kwa miguu yake, auone ule ufa, aseme ni yeye aliyekihamisha kifaa. Aseme hata kwa Kiingereza. Dolat anakielewa.

Mpe salamu Farhat na wanawe. Shemeji Alimohamed msomee barua hii ukiona presha yake imetulia. Mawla akutie nguvu magotini na moyoni.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sijaacha kukupenda wewe, wala yeye,

Anverali