Pono au Bunju

Ganako, Jumapili. Mwaka wa arobaini na moja tangu niiache pwani.

Jioni Mwanahamisi, binti wa marehemu dada yangu, alinipigia kutoka Tanga. Amevua samaki kwenye miamba, mdomo kama wa kasuku.

"Pono huyu, mjomba. Nimeshamchuna, sufuria iko motoni."

"Ngozi ilikuwa na magamba?"

"Hapana. Ilikwaruza kama msasa."

"Basi ni bunju, ana sumu! Mzike, hata paka asionje."

Simu ikakatika. Nikapiga, nikapiga tena, nikiwaza watoto wake na sahani.

Alipopatikana alikuwa anacheka. "Tumemzika, tumekula ugali na mchicha. Rudi utufundishe, mjomba, kabla hatujafa."

Nilimjibu nitafikiri. Nimeshafikiri. Kaburi la mke wangu liko hapa, pembeni ya mahindi. Sitarudi.