Daraja la Kilifi Hutikisika

Dada yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, na Mama umpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila moyo haujarudi mahali pake.

Dada, lile daraja la Kilifi tunalolivuka kwa basi tangu utotoni hutikisika! Sikulijua hilo mpaka leo asubuhi, katika mbio zangu za kwanza za kilomita ishirini na moja. Nilipofika katikati, trela likapita kando yangu, nikahisi daraja likipanda na kushuka chini ya viatu. Huko chini kabisa ni maji matupu. Nilijikuta nimelala kifudifudi mbele ya watu, nimeikumbatia lami.

Mkimbiaji mwenzangu, mkulima wa Kaloleni aitwaye Mama Kadzo, akasimama. "Inuka, kaka. Ukilala hapo utalihisi zaidi." Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akanipa ncha moja. "Shika hapa, fumba macho, nifuate." Mimi, mwana wa Shella niliyekulia baharini, nikavutwa kama mbuzi hadi ng'ambo.

Nilimaliza, Alhamdulillahi, wa nne kutoka mwisho. Nikamkuta Mama Kadzo amekaa anakunywa dafu. Nikamshukuru kwa kuniongoza.

"Usinishukuru, kaka," akasema. "Hata mimi nilikuwa nimefumba macho, napapasa tu chuma cha pembeni. Naliogopa daraja lile kuliko wewe."

Mungu akuweke, na umbusu Mama kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Nduguyo akupendaye,
Athmani