Habari Niliyoikalia

Jumatatu, 5 Mei 1986

Sabiha ameanza. Anawapigia simu watu wote wa pwani hapa Maryland kuomba radhi kabla ya Ramadhani—shoga yangu Mwatime kaniambia. Mimi hajanifikia bado. Na akinifikia, hapati!

Tulikulia mtaa mmoja, Kuze, Mombasa. Nilipokuja huku Marekani nikakaa kwake Lanham, na simu zangu za nyumbani zikipita kwake. Mamangu akafa. Sabiha akapokea simu, akanyamaza siku tisa, kwa sababu alikuwa akimwoza bintiye na mpishi wa biriani ni mimi. Nilipiga vigelegele mamangu yuko kaburini. Ati alinionea huruma.

Mwaka wa pili huu. Sitaki kusahau.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Lerner leo ana furaha. Ni rabi mstaafu, nami naishi hapa kwake Silver Spring, namtunza. Macho yamekwisha, kwa hiyo namsomea. Kila wiki Wayahudi wana sehemu yao ya Torati, na Jumamosi yeye huwafafanulia wazee wenzake sebuleni. Ya wiki hii: usilipize kisasi, usiweke kinyongo. Nikamwambia ni mengi kwa wiki moja. Akacheka mpaka akakohoa.

Marabi wa zamani walitenganisha hayo mawili. Jirani kakunyima mundu. Kesho anakuja kuazima shoka. Ukisema sikupi, nawe ulininyima—kisasi. Ukimpa na kusema chukua, mimi si kama wewe—kinyongo, na hicho pia marufuku.

Nimeudhika. Hilo la pili ndilo tamu.

Jumatano, 7 Mei

Shee kapiga simu kutoka Mombasa. Ni mdogo wake Sabiha. Baba yao, Ami Badawi, kapooza upande mmoja, hali mbaya, anamwita Sabiha tu. Sabiha kahamia Laurel, nambari yake mpya hawana. Ya hapa wanayo—baada ya mama niliigawa mtaa mzima, nisifichwe tena kitu.

Nikamwambia Shee nitamfikishia. Nikaweka simu chini, nikacheka. Nilicheka kweli.

Siku tisa, Sabiha. Nakuhesabia.

Alhamisi, 8 Mei

Kutwa nzima nimenyamaza. Chakula kimepita kooni vizuri tu.

Nimemuuliza Mzee, kama mambo ya kitabu: na aliyeumizwa moyo, si mundu wala shoka? Akanyanyua kidole. Kumbe wapo marabi waliosema hivyo hasa! Katazo ni la vitu. Aliyeteswa nafsi ana ruhusa ya kuliweka moyoni. Nikamsomea ukurasa huo mara tatu, yeye akidhani namfurahisha.

Halafu akanimalizia. Ruhusa ina mwisho: siku mkosaji akija kuomba radhi, lazima ulainike.

Basi asiniombe. Nimeondoa mkono wa simu, nimeulaza pembeni na kuufunika kwa taulo.

Ami Badawi hakunikosea kitu. Alikuwa akinishika mkono kunivusha barabara, nikiwa mtoto, nikienda chuoni kusoma Kurani. Sikutaka kulikumbuka hilo leo.

Ijumaa, 9 Mei

Binti yake Mzee kaja mchana amefura. Tangu jana anapiga, hapati. Kaona taulo. Nikasema nilikuwa nafuta vumbi. Kaurudisha mkono wa simu mahali pake, kaondoka.

Hazikupita dakika tano. Sabiha!

—Nunu, niwie radhi mwenzangu. Ya kujua na ya kutojua. Lile la mamako najua. Sina la kujitetea.

Amelisema. Miaka miwili nimelingoja, na leo ndiyo siku nisiyolitaka. Nilitaka kumtukana. Akaendelea, anajifuta kamasi. Anasema mwezi ukiandama leo, kesho ataanza kufunga, na Jumapili atampigia babake ampe mkono wa Ramadhani. Mjukuu wake, mtoto wa harusi ileile, ameanza kusema. Anataka mzee amsikie.

Jumapili. Shee amesema hali mbaya, na hiyo ilikuwa juzi.

Nimemwambia asubiri, sufuria inaungua. Jikoni hakuna sufuria. Nimekaa kwenye kiti cha Mzee, naandika hili kwanza. Hajakata. Simu iko hapa gotini, namsikia anamfundisha mtoto. Sema babu. Sema, asalaam alekum babu.